Tango ya Buenos Aires au kasino ya Havana: uende wapi ukajifunze?

Binti wa kaka yangu amepata likizo ya wiki tatu. Nauli ameidunduliza miaka miwili, na anataka kitu kimoja tu: afike nchi ya watu, ajifunze dansi yao kwa wenyewe, arudi akiwa anaicheza. Alinipigia simu usiku. "Shangazi, wewe umefika kote kuwili. Niambie basi, Havana au Buenos Aires?" Tuliongea karibu saa nzima na bado nikalala nikijua kuna mambo sikumwambia. Nayaandika hapa yote, kwa sababu najua si yeye peke yake anayejiuliza.

Msimamo wangu nautoa mapema. Mtu anayeanza kabisa, mwenye wiki mbili au tatu, Havana, mji mkuu wa Kuba na wa dansi ya kasino, itamfikisha ukumbini haraka zaidi. Buenos Aires ya Argentina, nyumbani kwa tango, namshauri mtu ambaye ameshafundishwa kidogo huku nyumbani, au ambaye yuko radhi kumaliza likizo nzima akijifunza kutembea. Sitanii kuhusu kutembea.

Darasani

Darasa langu la kwanza la tango lilikuwa mtaa wa San Telmo, ghorofani, kwenye jengo la zamani lenye sakafu ya mbao iliyolika katikati. Tulikuwa kama kumi na wanne. Kwa saa moja na nusu tulitembea, mbele na nyuma, ukuta hadi ukuta. Mwalimu, mzee wa miaka sabini na kitu, alipita kwa kila mmoja wetu, akaweka viganja viwili mgongoni na kuuliza swali lilelile: uzito wako uko wapi? Mimi nilikuwa nimeugawa miguu yote miwili, kama mtu anayesubiri daladala. Kwenye tango hilo halipo. Uko mguu huu au uko ule, na anayekuongoza anapaswa kulijua hilo kutoka kifuani kwako, bila kutazama chini.

Hapo ndipo ilipo tango yenyewe, ile wanayoicheza wenyeji, wala si ile ya jukwaani ya kurusha miguu. Wawili wanakumbatiana, vifua vinagusana au vinakaribiana, na mmoja anatembea huku mwenzake akipokea. Hakuna hatua ya msingi ya kuhesabu moja mbili tatu ukaikariri. Kuna kutembea, kuna kusimama, kuna kuzungusha nyonga ili miguu ichore namba nane sakafuni, kuna kupishanisha miguu. Na kusimama ni sehemu ya dansi. Bandoneoni, kile kinanda cha mkono cha kuvuta na kubana, ikivuta pumzi, nanyi mnaweza kutulia hapo hapo mmekumbatiana mpaka itoe sauti tena. Kwa mtu aliyezoea kwamba muziki ukilia mwili lazima utikisike, kutulia huko ni kazi ngumu kuliko hatua zote.

Havana nilifundishwa sebuleni. Mwenye nyumba niliyopanga chumba alisogeza viti vya kubembea ukutani, sakafu ya vigae vya maua ikabaki wazi. Mwalimu alikuja na kijana wa kucheza nami. Muziki haukuwashwa. Mama yule mwalimu aliingia jikoni, akatoka na miiko miwili, akaanza kugonga: ta, ta, ta... ta-ta. Tatu, halafu mbili. Akanitazama.

Nilikuwa naujua mdundo ule. Uko kwenye rumba za zamani za Kongo, uko kwenye santuri alizokuwa nazo baba yangu Morogoro. Mji wetu ndio uliokuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na jina lile halikuwa pambo: santuri za Kikuba zilizoanza kuingia Afrika miaka ya 1930 ndizo walizokuwa wakizisikiliza wanamuziki wa Kongo na wa kwetu, wakazigeuza kuwa dansi tuliyoikuta. Mdundo huo wa tatu na mbili Wakuba wanauita klave, na ndio ufunguo wa kila kitu kinachochezwa pale. Nilipoupiga makofi bila kufundishwa, mama alisogeza kiti akakaa, akamwambia yule kijana: huyu ana masikio, sasa tumpe miguu.

Kilichofuata kinawapata wengi wetu, kwa hiyo kisikilize vizuri. Tuliokulia kwenye dansi tunakanyaga juu ya pigo. Ukipewa son, ambayo ndiyo mama wa dansi nyingi za Kuba na imetoka mashariki ya kisiwa, unaambiwa uanze kwenye pigo la pili na uache la kwanza lipite. Mwili unakataa. Unajikuta kila baada ya sekunde kumi umerudi kwenye pigo la kwanza, na unaamini kabisa kuwa mwalimu ndiye aliyekosea. Siku mbili nzima nilipambana na hilo. Kasino, ambayo ndiyo dansi ya wawili inayochezwa zaidi mitaani, haina ukali huo; unaweza kuanza kwenye pigo la kwanza na ukawa sawa. Kwa hiyo ushauri wangu ni kuanza na kasino ili upate raha, na son uichukue saa moja kila siku kando, polepole.

Jina la kasino, nadhani ni vizuri kulieleza, halihusiani na kamari. Limetokana na klabu ya Casino Deportivo ya Havana, ambako miaka ya 1950 vijana walikuwa wakicheza kwa duara. Mpaka leo duara hilo lipo na linaitwa rueda. Jozi kadhaa zinasimama mviringo, mmoja anatoa amri kwa sauti au kwa ishara ya mkono, na wote wanafanya jambo moja kwa wakati mmoja. Akisema "dame", kila mwanamume anamwachia mwenzi wake na kumpokea wa jozi ya jirani. Siku ya tano niliingizwa kwenye rueda. Nilijua amri nne tu. Zilitosha, kwa sababu ukikosea unasukumwa kwa upole mahali pako na duara linaendelea.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa kwa mwanafunzi. Kasino ina vipande vyenye majina, unavikusanya kimoja kimoja na kila jioni unajua leo umeongeza kipi. Tango haikupi risiti ya aina hiyo. Unaweza kumaliza wiki ukaulizwa umejifunza nini, usiwe na cha kuonyesha isipokuwa kwamba sasa unapokumbatiwa huegemei tena.

Usiku, dansi inapochezwa kweli

Buenos Aires, mahali pa kuchezea panaitwa milonga. Neno hili lina historia inayotugusa. Wataalamu wengi wanalirudisha kwenye Kimbundu cha Angola, lugha ya Kibantu kama yetu: mulonga ni neno, wingi wake milonga, maneno au mabishano. Mswahili hahitaji kufafanuliwa zaidi; ngeli ya m- na mi- anaijua, na kitenzi longa, kwa maana ya kuzungumza, kimo kwenye kamusi zetu. Tango ilizaliwa pande zote mbili za mto Río de la Plata mwishoni mwa karne ya 19, kati ya wahamiaji wa Ulaya na Watu Weusi waliokuwa na ngoma zao za kandombe. UNESCO ilipoiorodhesha mwaka 2009 iliziandika Argentina na Uruguay pamoja. Nililia kidogo nilipoelewa kwamba ukumbi ule wa taa hafifu na wazee waliovaa suti unabeba neno lililovushwa bahari na watu waliofungwa minyororo.

Milonga ina adabu zake, na ukiingia bila kuzijua utakaa kitini usiku kucha hata kama miguu yako ni mizuri. Muziki unapigwa kwa mafungu ya nyimbo tatu au nne za okestra moja. Fungu linaitwa tanda. Baada ya tanda unapigwa kipande kifupi cha muziki wa aina nyingine kabisa, kortina, na kila mtu anaondoka sakafuni. Hakuna anayekuja mezani kukunyooshea mkono. Mnatazamana kutoka mbali, yeye anainamisha kichwa kidogo, nawe ukikubali unaitikia vivyo hivyo. Ukipenda kukataa unageuza macho tu na hakuna aliyeaibika. Hiyo ndiyo kabeseo. Mwanamke naye anachagua, kwa sababu asipotazama haitwi. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake huu ni utaratibu mzuri kuliko wa kumbi nyingi nilizowahi kuingia, na nauheshimu sana.

Kosa langu lilikuwa la adabu za kwetu. Wimbo wa kwanza ulipoisha nilimwambia mzee niliyekuwa nacheza naye "gracias", asante, kama ambavyo ningemwambia mtu yeyote aliyenichezesha vizuri. Uso wake ulibadilika. Akanisindikiza hadi kwenye kiti changu, akainama, akaondoka. Pale "gracias" katikati ya tanda maana yake ni kwamba imetosha, sitaki kuendelea nawe. Nilimtafuta kesho yake nikamwomba radhi kwa Kihispania changu cha kuokoteza, naye akanichezesha tanda nzima ya okestra ya Di Sarli. Asante yako iweke mpaka wimbo wa mwisho wa tanda. Kati ya wimbo na wimbo, simama, zungumza kidogo, subiri.

Sakafuni wote wanazunguka kinyume na mshale wa saa, na hupiti wa mbele yako. Miguu haipandishwi juu. Saa nazo zizingatie: milonga nyingi zinachangamka baada ya saa nne usiku na kwenda hadi alfajiri, ingawa zipo za mchana ambazo watu wazima huzipenda, nami nilizipenda zaidi. Nyingi zina darasa la pamoja kabla ya kuanza, ambalo ni rahisi kuliko mwalimu wa peke yako. Ukitaka kuanza pasipo na vitisho, nenda La Glorieta, banda la wazi kwenye bustani ya Barrancas de Belgrano. Unacheza bila kiingilio na hakuna anayejali umevaa nini. Pia kuna prakitika, vikao vya mazoezi ambapo unaruhusiwa kusimama katikati ya wimbo na kuulizana. Kwenye milonga yenyewe kufundishana sakafuni ni utovu wa adabu.

Usilipie chakula cha jioni chenye maonyesho ya tango ukidhani utajifunza. Mimi nililipa usiku wa kwanza, fedha ya madarasa manne ikaisha, nikatazama miguu ikiruka jukwaani nisikanyage sakafu hata mara moja.

Usiku wa Havana hauna adabu za siri. Bendi inapiga, anayetaka kucheza anakuja na mkono, unasimama. Lakini pana jambo lingine la kuangalia, na nalisema kwa sababu mwanamke kijana ndiye atakayesoma hili: mgeni anaonekana ana fedha, na si kila anayekuchezesha vizuri amekuja kucheza tu. Kijana mmoja barabarani aliniuzia "darasa la tamasha la salsa" ambalo halikuwahi kuwapo. Tangu hapo kila mwalimu nilimpata kupitia kwa mwenye nyumba wangu, na sikujuta. Nyumba zinazopangisha wageni kihalali zina alama ya buluu mlangoni. Wenye nyumba hizo wanawajua walimu wa mtaa, na wanalinda jina lao.

Kitu ambacho Buenos Aires haiwezi kukupa ni Jumapili mchana Callejón de Hamel, kichochoro chenye michoro ukuta hadi ukuta, pale mtaa wa Cayo Hueso. Hapo inapigwa rumba, na hapa tuelewane: rumba ya Kuba si rumba tunayoiita rumba sisi. Ya kwetu imetokana na son. Ya kwao ni ngoma na sauti na vijiti, hakuna gitaa. Ina sura tatu, yambú ya polepole ya wazee, guaguanko ya mwanamume na mwanamke wanaowindana, na columbia ya kasi ambayo kwa kawaida mwanamume hucheza peke yake mbele ya ngoma. Kuna ngoma za asili ya Kongo ambazo Kuba zinaitwa ngoma mpaka leo, kwa neno hilo hilo. Kuba iliorodheshewa rumba yake UNESCO mwaka 2016, na Kongo mbili zikaorodheshewa ya kwao mwaka 2021. Ukiwa na siku mbili za ziada, panda gari uende Matanzas, ambako rumba ya Kuba ina mizizi yake na ambako kundi la Los Muñequitos limekuwa likiipiga tangu 1952. Mwenye Buenos Aires naye asikose kuvuka mto kwa feri hadi Montevideo, asikie kandombe ikipita mtaani kwa ngoma za aina tatu, chico, repique na piano.

Hali ilivyo huko

Hapa mizani inageuka, na sitaki mtu aende Havana kwa maneno yangu akashtuka. Kuba iko kwenye shida kubwa. Oktoba 2024 gridi ya taifa ya umeme ilianguka, kisiwa kizima kikawa gizani, na imeanguka tena tangu hapo zaidi ya mara moja. Mafuta ni ya shida, dawa ni za shida. Darasa langu moja lilikatikiwa umeme, tukaendelea kwa miiko na makofi, na ninalikumbuka kama darasa bora kuliko yote. Lakini mwenye nyumba alikuwa na nyama ya wiki nzima kwenye friji, na uso wake usiku ule sijausahau. Beba dawa zako zote, tochi, betri ya akiba, sabuni, na uwaletee wenyeji dawa za maumivu ukiweza. Kabla ya kununua tiketi, hakikisha ndege bado zinakwenda na hali ikoje mwezi huo.

Fedha Kuba ni taslimu. Kadi za benki za Marekani hazifanyi kazi. Argentina kadi zinafanya kazi, ila usiamini bei uliyosimuliwa na aliyekwenda zamani. Mwaka 2023 bei kule zilipanda hadi zaidi ya mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na mfumuko ulipotulia nchi ikabaki ghali kwa anayebeba dola. Tango kwa jumla itakugharimu zaidi, kwa chumba, chakula na viatu. Kwa upande wa safari, Ethiopian inakwenda Buenos Aires kupitia Addis Ababa na São Paulo, jambo linalotuondolea mzunguko wa Ulaya. Havana mara nyingi utapita Ulaya. Viza uliza ubalozini mapema, ya kwenda na ya kupitia. Na ndugu zetu mnaoishi Ulaya mkiwa na pasipoti za huko: aliyefika Kuba tangu Januari 2021 hawezi tena kuingia Marekani kwa kile kibali cha mtandaoni, lazima aombe viza kamili. Kama una dada Minnesota unayemtembelea kila mwaka, hilo lina uzito.

Utakaporudi

Swali ninaloona watu hawajiulizi ni hili: ukirudi utacheza na nani? Dansi ya wawili isiyo na mwenzi inakufa ndani ya miezi mitatu.

Nairobi, Dar na Kampala usiku wa salsa, ndugu wa karibu wa kasino, upo, kwa hiyo wa Havana atapata pa kwenda. Ajue tu kwamba salsa inayochezwa kumbi nyingi za huku ni ya mstari, mwanamke anapita mbele ya mwenzi wake kwenda na kurudi kwenye njia nyoofu, wakati kasino wawili wanazungukana. Utahitaji wiki chache za kuzoea, na yule utakayecheza naye pia. Tango huku ni vikundi vidogo vya watu wanaofahamiana. Ukiwa London, Berlin au Toronto hesabu ni nyingine. Miji hiyo ina milonga za kila wiki, na aliyefundishwa kutembea vizuri Buenos Aires atapokewa kokote, kwa sababu kumbatio halina lahaja nyingi. Kwa huyo ningeibadili kauli yangu ya mwanzo: akiwa anaishi kwenye mji wenye milonga, aende Buenos Aires hata kama anaanza.

Umri nao nitaugusa. Kasino inataka magoti na pumzi. Tango nimemwona mama wa miaka themanini akiicheza macho yamefumbwa, na vijana wakipanga foleni ya macho kumtazama wapate tanda moja naye. Binti wa kaka yangu ana miaka ishirini na tisa. Nimemwambia aanze na ile itakayomchosha, hii nyingine itamsubiri.

Kabla ya kuondoka, popote ulipochagua, fanya mazoezi nyumbani wiki nne. Wa Havana asikilize son kila siku akipiga klave kwa makofi, na baada ya wiki mbili aongeze miguu, akiliacha pigo la kwanza lipite. Anunue viatu vyepesi vya soli laini, kwa kuwa vigae na saruji vinauma. Wa Buenos Aires atafute viatu vyenye soli ya ngozi, maana mpira unanata sakafuni na goti ndilo linaloumia unapozunguka. Kisha kila jioni dakika kumi kwenye korido, pekupeku: atakayeongoza atembee mbele, atakayefuata arudi kinyumenyume, mguu unyooke kutoka nyongani, kidole gumba kiguse sakafu kwanza, uzito wote uhamie mguu mmoja kabla ule mwingine haujanyanyuka.